Doa la Bibo, Fimbo ya Mkwaju na Maticha wa Awasse

Awasse ni njia panda. Ukitoka Macomia na barabara ya N380, unapita Chai, unavuka mto Messalo, halafu unafika mahali barabara inagawanyika. Ukikata kushoto unapitia Diaca, unapanda mpaka Mueda, juu kwa uwanda wa Wamakonde. Ukishika kulia unashuka Mocímboa da Praia, baharini. Hapo kwa kona ndio mtaa wa Awasse uko, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini kabisa ya Msumbiji.

Wasee wengi huku Nairobi wakiskia Cabo Delgado wanafikiria vita tu. Vita tutaifikia. Leo kwanza nataka tubonge maticha, ju Awasse ilikuwa na watoi kabla iwe na wanajeshi, na penye kuna watoi kuna skuli, na penye kuna skuli kuna ticha mkali na mbogi ya klasi foo inapanga venye itamhepa.

Mimi ni Mmakonde wa Msambweni, Kwale. Wazee wetu waliletwa kutoka hiyo side ya Msumbiji miaka ya 1930 kupiga kazi kwa mashamba ya mkonge na miwa hapa pwani ya Kenya, wakabaki. Nimekulia Msambweni, nikakuja Nairobi kusaka ganji, na Sheng nimeiokota Eastlands. Ndugu yangu (kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu tu, hatuna maneno mengi) yeye amezaliwa Awasse. Tulipatana Mtwara kwa msiba wa bibi yetu, tukakesha nje ya nyumba tukipiga stori, na tangu hiyo siku tunatumiana voisi za WhatsApp usiku. Kiswahili chake ni cha Mtwara na Kireno kimeingia ndani. Mimi nikichangamka na Sheng ananikata: "Kaka, punguza mwendo, sijakupata."

Na hizo voisi, nyingi ni za primo. Tunaweza anza na bei ya mafuta, tukaishia kwa ticha.

Ticha wake wa klasi wani alitoka Nampula. Serikali ilimpeleka Awasse na hakujua neno la Kimakonde. Saa moja asubuhi amesimama mlangoni na ile bata, koti jeupe la maticha wa Msumbiji, imepigwa pasi ya makaa mpaka mikunjo imenyooka. Anakagua kucha, nywele, shingo, nyuma ya masikio. Ukipatikana na vumbi unarudishwa kisimani. Halafu mnaingia, mnasimama, mnaimba wote pamoja: "Bom dia, senhor professor!" Hiyo ndio Kireno pekee mlikuwa nayo. Nyumbani ni Kimakonde, majirani wa kutoka pwani wanaongea Kimwani, dukani ni Kiswahili, na sasa huyu buda anauliza swali kwa Kireno na anataka jibu kwa Kireno. Kimya. Na juu ya meza, palmatória imelala.

Kwa wale hawajaiona: palmatória ni ubao mzito, kichwa cha duara, mpini mfupi, na wengine wanatoboa matundu kwa hicho kichwa. Inapiga kiganja tu. Wareno walikuja nayo, na enzi za ukoloni ilitumika kwa watu wazima pia, kwa ushuru na kwa pamba ya kulazimishwa. Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975, Wareno wakaishia, lakini kuna madarasa ubao ulibaki. Unanyoosha mkono mmoja, halafu wa pili. Ukirudisha mkono nyuma, hesabu inaanza upya. Ndugu yangu anasema maumivu yenyewe yalikuwa yanapoa haraka. Kitu kilikuwa kinammaliza ni ile kungoja kwa laini, akiskia ubao ukilia kwa viganja vya walio mbele yake, na laini inasonga.

Huku Msambweni sisi tulikuwa na mkwaju. Na kwetu mambo yalikuwa hivi: unatumwa wewe mwenyewe ukakate fimbo yako. Ukileta nyembamba unarudishwa. Ukileta kavu itavunjika, na ikivunjika unaongezewa. Kwa hivyo mtoi wa miaka tisa anasimama chini ya mti, anashika tawi, anaachilia, anashika lingine, anachagua kitu cha kumchapa yeye mwenyewe. Nikikumbuka hiyo sai nikiwa mtu mzima, naskia hasira.

Ju sheria ilikuwa imeshatoka. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni 2001. Mimi niliingia klasi wani 2003, ule mwaka gava ya Kibaki ilifanya primo iwe bure, na madarasa yakafurika mpaka wengine wetu tukakaa chini. Ticha alikuwa peke yake na watoi wamejaa mpaka mlangoni. Naelewa alikuwa amezidiwa. Bado haikuwa sawa, na 2010 Katiba ikaja ikakazia kwa kifungu cha 29: hakuna mtu wa kuadhibiwa kwa kuchapwa. Tanzania, hapo katikati yetu na ndugu yangu, kanuni bado inaruhusu viboko visivyozidi vinne, na mkuu wa shule ndio wa kuidhinisha.

Sasa, dawa. Kila mtoi aliyewahi chapwa anajua dawa ya fimbo. Kwetu ulikuwa unang'oa unywele wa kope unaulaza kwa kiganja, eti fimbo itavunjika. Wengine walivaa kaptula mbili. Wengine walipachika kitabu cha mazoezi nyuma, lakini ticha mzoefu anajua kwa sauti, kaptula yenye kitabu ndani hulia vingine, na hapo umejichomea mwenyewe. Nilipomuuliza ndugu yangu wao walikuwa wanafanya nini, akacheka akasema: "Sisi tulikuwa tunafunga nyasi. Asubuhi njiani unakamata nyasi mbili, unafunga fundo, unamtaja profesori kimoyomoyo. Mdomo wake unafungwa, hakuiti."

Maze, nilinyamaza. Mimi pia nilifunga hizo nyasi, kwa njia ya kutoka Makongeni ya kwetu Kwale. Familia imetengana miaka ya 1930, mipaka miwili iko katikati, na watoi wa pande zote wanapiga fundo lile lile wakienda skuli.

Bibo nayo haikuwa na dawa.

Bibo ni lile tunda la mkorosho, lingine jekundu, lingine njano, lina maji mengi, tamu na linakwaruza koo. Awasse mikorosho iko kila mahali, na msimu unaanza Oktoba hivi, pale pale mtihani wa mwisho wa mwaka umekaribia na ticha hataki mchezo. Maji ya bibo yakidondoka kwa shati, mwanzo huoni kitu. Unapangusa, unajiona uko fiti. Likifuliwa ndio doa linajitokeza, la kahawia, na linakaa hapo mpaka shati linazeeka. Na hiyo ni tunda tu. Korosho yenyewe, ganda lake lina mafuta yanababua ngozi. Msee akiichoma haraka haraka kwa moto wa majani ju anaogopa kushikwa, halafu aipasue na meno, anaripoti klasini na midomo imechubuka.

Kwa hivyo siku mzee mmoja alikuja skuli kulalamika kwamba mikorosho yake imevamiwa, profesori hakuuliza nani ameiba. Aliwapanga wote nje, akapita mbele yao pole pole akiangalia vifua na midomo, akigusa bega: wewe, wewe, na wewe. Hakukosea hata mmoja. Ndugu yangu alikuwa "na wewe".

Walikuwa wameshanyoosha mikono, kila mtu anajua kinachofuata. Profesori akaongea na yule mzee pembeni, akarudi akasema palmatória leo imelala. Jumamosi wote wataenda kwa shamba la mzee. Na walienda. Kutwa nzima wanaokota bibo chini, wananyonyoa korosho, bibo ndoo hii, korosho gunia lile. Mgongo ukauma. Mzee aliwaonyesha korosho iliyokomaa ikitikiswa inalia vipi na ile changa inalia vipi, na kwa nini ukiokota mapema unapunjwa bei kwa mnunuzi. Jioni aliwajazia ndoo ya mabibo wabebe kwao. Ndugu yangu alichapwa mara nyingi utotoni na hakumbuki kwa nini mara nyingi za hizo. Hiyo Jumamosi anaikumbuka saa kwa saa, na mpaka vita inawafukuza familia yake ilikuwa inauza korosho.

Kuuza nako walianza mapema. Awasse ikiwa njia panda, magari lazima yapunguze. Chapa (matatu za huko) za kwenda Mueda, malori, pikapu zimejaa watu mpaka juu ya mizigo, zote zinasimama hapo watu wanyooshe miguu. Mtoi mwenye sahani ya korosho za kukaanga anaweza pata pesa ya kaderno, yaani daftari, na ibaki ya peremende. Shida ni kwamba magari hayangoji mapumziko. Kwa hivyo mbogi ilikuwa na mtu wa kuskiza. Anakaa karibu na dirisha la klasi, akiskia injini inashuka gia anakohoa mara mbili, na wawili wanaomba ruhusa kwenda chooni. Choo kilikuwa upande mmoja, barabara upande mwingine. Sahani zilifichwa kwa kichaka.

Siku moja chapa imesimama, jamaa wamekimbia, wanainua sahani madirishani, "korosho, korosho moto!" Dirisha la nyuma kabisa mkono ukatoka na pesa. Mkono ukachukua korosho, ukarudi ndani. Halafu sauti ikauliza kwa Kireno, bila haraka, kama leo ni sikukuu. Ilikuwa ni diretori, mkuu wa skuli, anatoka wilayani. Jamaa mmoja aliangusha sahani akachana mbuga. Huyo mwingine, mdogo wa mwili, alibaki amesimama ju hakuwa amerudisha chenji. Alihesabu chenji, akampa, ndio akakimbia. Diretori alipofika skuli aliita wote wawili, na yule wa chenji alisamehewa mbele ya pareedi nzima.

Sasa ile kubwa. Hii nimeitisha mara mingi, na akiisimulia mimi huacha kila kitu.

Wamakonde tuko na mapiko. Lipiko ni kinyago cha mbao nyepesi kinavaliwa kichwa chote, mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago, na mwili umefunikwa nguo hakuna mahali ngozi inaonekana. Kinatoka wakati wa unyago na jando, Desemba skuli zikiwa zimefungwa. Ukiwa hujaingia jandoni, hufai kujua ndani kuna nani, na hufai kukisogelea. Lipiko likitokea, akina mama na watoi wanatimua mbio. Na mapiko hayaigizi mashetani pekee. Wachongaji wamechonga Wareno, wamechonga wakubwa wa gava, mtu yeyote mwenye kiburi anaweza jiona hapo ngomani.

Kulikuwa na msee wa klasi foo, mchekeshaji wa kuzaliwa, hajaenda jandoni bado. Aliona kama wakubwa wanachongwa, mbona profesori asichongwe. Akachukua katoni la biskuti, akatoboa mdomo, akachora masharubu na mkaa, akakunja waya ukawa miwani. Mwili akajifunika shuka. Mwenzake akageuza dumu la mafuta kuwa ngoma. Wakaenda nyuma ya skuli saa ya mapumziko, watoi wakazunguka, na lipiko likaingia.

Lilitembea mikono nyuma. Lilisimama, likasafisha koo, likajikuna sikio na chaki, ju profesori alikuwa anajikuna sikio na chaki kabla ya kuuliza swali. Halafu likauliza: "Quem sabe? Nani anajua?" na mkono mmoja umeshika sandali badala ya palmatória. Watoi walianguka chini. Likaendelea, likasoma somo zima la juzi kwa Kireno, na vituo vyake, na ile namna profesori alikuwa anavuta neno la mwisho. Ngoma ya dumu ikanyamaza ghafla. Lipiko halikuona, ju ukivaa katoni unaona mbele tu. Profesori alikuwa amesimama kwa mwembe na kikombe cha chai mkononi, na alikuwa hapo kitambo.

Hakusema kitu. Alimaliza chai yake akarudi ofisini.

Ngori yenyewe ilitoka nyumbani. Kwa Wamakonde mjomba ndio mwenye sauti kwa watoto wa dada yake, na stori ilipomfikia mjomba wa huyu msee kwamba kijana hajatahiriwa amevaa lipiko mchana kweupe mbele ya wasichana, moto uliwaka. Hiyo haikuwa kesi ya fimbo. Hiyo ilikuwa kesi ya wazee. Jioni mjomba amekaa na wenzake, kijana amepiga magoti katikati, na nani anatokea na baiskeli? Profesori. Mtu wa Nampula, hajui mila za hapo, ametoa kofia, ameomba kuketi. Kupitia kwa jirani mkalimani akasema: wazee wangu, mimi nilikiona kitu chenyewe. Ni katoni na mkaa. Kilichochezwa pale ni mimi, na kama kuna mtu ametukanwa ni mimi, na mimi sijadai.

Wazee walinong'onezana. Mjomba akatoza faini ya kuku, ikaisha.

Jumatatu profesori alimuita kijana mbele. Klasi nzima imeshika roho. Akamwambia: lile somo ulilosoma kule nyuma, lisome hapa. Msee akaanza kwa woga, halafu akajisahau, akaingia ndani ya ile sauti, akalisoma lote mpaka mwisho bila kosa. Klasi ikagundua kwamba huyu mtoi ambaye alikuwa anachapwa kila wiki kwa kutojibu, Kireno chote cha ticha alikuwa nacho kichwani na matamshi yake. Alikipata kwa kumwigiza. Profesori akajikuna sikio na chaki, akasema keti. Na Jumanne yake, ndugu yangu anasema lazima niandike hii pia, alimchapa huyo huyo msee kwa kusahau kaderno. Ticha hakuwa amebadilika.

Mimi stori zangu za Msambweni haziwezi kushika hiyo. Tulihepa kwenda kuogelea, tulirudi na chumvi imekauka kwa miguu, ticha akipitisha kidole kwa mguu wako anajua ulikuwa baharini. Tulibebeshwa diski tukishikwa tunaongea lugha ya nyumbani. Lakini kitu kilikuwa kinatutisha zaidi kilikuwa rejista. Wamakonde wa Kenya hatukuwa na vitambulisho. Wazazi wetu walizaliwa hapa na gava haikuwatambua, na bila kitambulisho cha mzazi cheti cha kuzaliwa kinakuwa kazi, na bila cheti ukifika klasi eiti usajili wa mtihani unakuwa kazi. Kuna watoi walisoma na majina ya familia za Kidigo za jirani. Ticha akiita jina, mtoi anachelewa kuitika ju amesahau ndio yeye, na klasi inacheka. Tulicheka sana hiyo kitu. Ticha mmoja wa darasa letu, mkali kupita wote, hakuwahi cheka na hakuwahi uliza. Alikuwa anangoja mpaka mtoi akumbuke, halafu anaweka alama. Oktoba 2016 watu wetu walitembea kutoka Kwale mpaka Nairobi kuona rais, na mwanzo wa 2017 Wamakonde tukaingia rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Kitambulisho ndio kilinipeleka Mtwara kwa ule msiba. Bila hicho singejua kama kuna profesori wa Nampula anajikuna sikio na chaki.

Na sasa vita.

Ilianza Mocímboa da Praia, 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vikavamiwa alfajiri. Wale waliovamia walikuwa wanawaambia watu hata kabla ya hapo wasipeleke watoi skuli za serikali. Agosti 2020 wakashika mji wa Mocímboa. Awasse, ikiwa ndio njia ya kuingia na kutoka, iliumia sana, nyumba zikachomwa, na kile kituo kikubwa cha umeme hapo kikaharibiwa, wilaya za jirani zikaingia giza. Julai 2021 wanajeshi wa Rwanda na wa Msumbiji ndio waliitoa Awasse mikononi mwao, na Mocímboa ikafuata Agosti 8. Kufikia hapo watu zaidi ya laki nane walikuwa wamekimbia makwao mkoani, wengi wakashuka Pemba na Metuge. Ndugu yangu ni mmoja wao. Leo anaendesha pikipiki ya abiria Pemba.

Kuna mtu ningependa wasee wamjue hapa. 1974, kwa skuli ya sekondari ya FRELIMO pale Bagamoyo, Tanzania, kulikuwa na ticha kijana akiitwa Graça Simbine. Mwaka uliofuata Msumbiji ikiwa huru alikuwa Waziri wa Elimu, na ulimwengu ukamjua kama Graça Machel. 1996 aliandikia Umoja wa Mataifa ripoti kuhusu kile vita vinawafanyia watoto, na moja ya mambo aliyoyasisitiza ni kwamba skuli isingoje vita viishe, mtoi aliyekimbia anahitaji darasa hapo hapo alipokimbilia. Ticha wa Bagamoyo alilisema hilo zaidi ya miaka ishirini kabla ya watoi wa Awasse kukimbia.

Ndugu yangu ana mdogo wake wa mwisho. Vita ilimkuta klasi ya pili. Wakakaa msituni, wakakaa kwa jamaa, wakafika Pemba, na miaka ikapita bila yeye kukanyaga darasa. Aliporudi alikuwa mrefu kuliko wote, darasa limefurika watoi wa wakimbizi na wa hapo mjini, zamu kwa zamu, ticha hana hata nafasi ya kupita katikati ya watu. Sisi wawili tukianza zile voisi, za bibo, za katoni, kijana anakaa karibu na simu anaskiza. Siku moja nikamuuliza: na wewe, ticha wako alikuwa vipi? Akafikiria. Akasema: "Sijui, kaka. Walikuwa wanabadilika."

Anaota masharubu na hana ticha hata mmoja anayeweza kumwigiza sauti. Nimebeba hilo jibu muda mrefu. Vita vinahesabiwa kwa nyumba na kwa wafu, na ni haki, lakini kuna hii pia: kijana hajui ticha wake alikuwa anajikuna wapi. Kutoroka kwenda kuogelea lazima kuwe na skuli ya kutoroka. Kufunga nyasi lazima kuwe na mtu unataka akusahau, na yeye hakusahau, anakuja kila asubuhi.

Kuna wasee wa rika langu wakikumbuka hizi stori wanamalizia na "fimbo ndio ilitunyoosha." Hapana. Nimepitia stori zangu na za ndugu yangu moja baada ya nyingine, na hakuna mahali fimbo ilifanya kazi. Lile shamba la korosho lilifanya kazi. Ule mguu wa profesori kwenda kwa mjomba jioni na baiskeli ulifanya kazi. Ticha wa rejista kunyamaza akingoja mtoi akumbuke jina lake kulifanya kazi. Hao walikuwa wakali, na ukali wao uliofanya kazi haukuwa wa mkono. Fimbo ilitufunza kutoboa njia za kuhepa tu. Maticha wa Awasse nataka warudi, wawe wengi, walipwe kwa wakati, wawe wakali kwa kucha na kwa kaderno. Palmatória isirudi nao.

Kwa hivyo, msee unasoma hii na una mtoi au mdogo wako primo, muulize leo jioni ticha wake anaitwa nani na anapenda kusema nini. Na akikuambia anatumwa kukata fimbo yake mwenyewe, usicheke naye. Nenda skuli. Usipoweza kwenda, kuna laini ya watoto, na namba ni ile ile Kenya, Tanzania na Msumbiji: 116. Haikatwi pesa.